Nyumba ya udongo haipandi lori

Nyumba ya udongo mashuhuri kuliko zote Tanzania imepata jina kwa sababu ya wageni wawili. Ni tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, ambako Henry Morton Stanley na David Livingstone walifikia Februari 1872 wakitokea Ujiji. Stanley aliondoka mwezi uliofuata kurudi pwani. Livingstone alibaki akingoja wapagazi mpaka Agosti, kisha akashika safari yake ya mwisho. Nyumba ilikuwa ya Waarabu wa misafara, ikaja kubomoka kama matembe mengine yanavyobomoka, na hii wanayoonyeshwa watalii leo imejengwa upya. Hata hivyo inatunzwa, inaandikwa vitabuni, na haiulizwi kwa nini ipo.

Kuitunza si kosa. Kasoro iko kwenye kipimo kilichotumika: nyumba ya mwenyeji huingia kwenye historia siku Mzungu alipolala ndani yake. Isipopata mgeni wa namna hiyo huhesabiwa kibanda, na kibanda hakipewi kibao wala mlinzi.

Kwa kipimo hicho wilaya ya Kilosa ingekuwa tajiri kupindukia. Bonde la Mto Mkondoa lilikuwa njia kuu ya misafara kutoka pwani kwenda bara. Richard Burton na John Speke walipita huko mwaka 1857, Stanley akapita 1871. Karibu mwaka 1880 wamisionari wa Church Missionary Society walifungua kituo Mamboya, katika milima ya Ukaguru, ambako Joseph Last aliishi na mkewe Annie, naye mama huyo akafia hukohuko miaka michache baadaye. Kapteni Bloyet, Mfaransa, alijenga kituo chake Kondoa, si Kondoa ya Irangi bali ile ya Usagara, jirani na Kilosa ya leo. Mwishoni mwa 1884 akaja Carl Peters na karatasi zake za mikataba, na mwaka uliofuata kampuni yake ikawa na kituo Sima, kimojawapo cha vituo vya mwanzo kabisa vya Wajerumani katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika.

Wote hao walihitaji mahali pa kulala, na walipalipia kwa nguo, shanga na waya kwa watu ambao tayari walikuwa na nyumba. Majina ya wageni yamehifadhiwa vizuri. Nyumba za waliowapokea hazipo. Anayeuliza mambo ya kale ya Kilosa ataelekezwa kwenye mawe, matofali na chuma, yaani kwenye alama za utawala na za reli ya kati, ile iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Tabora 1912.

Kinachopendekezwa hapa ni kitu kidogo. Wilaya ya Kilosa ihifadhi nyumba moja ya miti na udongo ya ukoo uliofungua kijiji, nyumba ambayo hakulala mtafiti wala gavana, na iihifadhi palepale iliposimama.

Nchi nyingine hazioni haya kufanya hivyo. Marekani, karibu kila mji mdogo una makumbusho yake, na katika uwanja wa makumbusho hayo mara nyingi kuna kibanda cha magogo cha familia fulani ya walowezi wa kwanza. Familia hiyo haikuwa na cheo. Ilikuja na ng'ombe wawili na shoka, ikakata miti, ikajenga chumba kimoja, ikazaa watoto. Leo wajukuu wa wajukuu wanachangishana fedha ili paa lisivuje. (Kwamba ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe kabla ya shoka kufika ni habari ambayo makumbusho mengi ya kule yamechelewa kuiandika.)

Lakini hata wao wamewahi kujidanganya, na kisa chao kinafaa kusomwa Kilosa kabla ya kazi kuanza. Kibanda cha magogo kilichonadiwa kuwa ndimo alimozaliwa Abraham Lincoln mwaka 1809, huko Kentucky, kiliwekwa ndani ya jengo kubwa la mawe lililozinduliwa mwaka 1911. Jengo lina ngazi 56, moja kwa kila mwaka wa umri wa Lincoln. Ni heshima kubwa mno kwa chumba kimoja cha magogo. Taabu ni kwamba magogo hayo yalikuwa yametembezwa miaka mingi kutoka maonyesho hadi maonyesho, yakafunguliwa na kufungwa, yakachanganyika na magogo ya kibanda kingine kilichodaiwa kuwa cha Jefferson Davis, rais wa majimbo yaliyoasi. Mwaka 2004 wataalamu walichunguza pete za ukuaji ndani ya miti hiyo. Gogo la zamani kuliko yote lilitoka kwenye mti uliokatwa karibu mwaka 1848, wakati Lincoln alikuwa na miaka 39 na tayari ni mbunge mjini Washington. Siku hizi walinzi wa hifadhi hiyo huwaambia wageni wazi kwamba ni kibanda cha ishara tu.

Kisa hicho kinaonyesha jambo lingine la kifundi. Magogo yanaweza kusafiri. Nyumba ya magogo hujengwa kwa kulaza mti juu ya mti na kuzikata pembe zake zishikane, kwa hiyo fundi anaweza kuyapiga namba, kuyashusha moja moja, kuyapakia na kuyapanga tena mahali pengine. Ndiyo njia aliyoitumia Artur Hazelius alipofungua Skansen mjini Stockholm mwaka 1891, makumbusho ya wazi ambako nyumba za mbao kutoka kila pembe ya Sweden zilihamishiwa ili zisipotee wakati vijiji vikibadilika. Dunia nzima imeiga Skansen. Wengi walioiga hawakujiuliza kama nyumba zao zinaweza kupanda lori.

Nyumba ya Usagara haiwezi. Ukuta wa udongo ukishabomolewa unabaki kuwa udongo tu.

Tanzania nayo iliiga, na kwa nia njema. Kijiji cha Makumbusho kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1967, kando ya barabara ya Bagamoyo, kikiwa na nyumba za makabila mbalimbali katika ukubwa wake halisi. Kwa kuwa hazikuweza kubebwa, zilijengwa pale na mafundi waliojua. Ulikuwa uamuzi sahihi, na kwa maelfu ya watoto wa mjini ndiyo mara ya pekee walipoinama kupita mlango wa msonge. Tangu 1994 yamekuwepo pia maadhimisho ya utamaduni ambapo jamii fulani hualikwa kuonyesha mapishi, ngoma na ufundi wake. Pamoja na hayo, ukienda kituo cha daladala cha Makumbusho, kilichopata jina kutokana na mahali hapo, utakuta abiria waliokitumia miaka kumi bila kuvuka geti.

Nyumba zile zinapata shida moja ambayo haitokani na uzembe wa mtu. Hakuna anayepika ndani yake.

Hapa inafaa kusimama na kuitazama nyumba yenyewe inavyojengwa. Upande wa magharibi wa Kilosa, kunakokauka kuelekea Ugogo, tembe ndilo lililozoeleka: nyumba ndefu ya pembe nne, paa lake bapa limelazwa boriti zilizokaribiana, juu yake fito, juu yake nyasi, juu yake udongo ulioshindiliwa. Kwenye miteremko yenye mvua nyingi zaidi watu walijenga nyumba za mviringo na kuziezeka nyasi, kwa sababu paa la udongo halipendi masika ya milimani. Nguzo zilichaguliwa kwenye miti ambayo mchwa huiogopa, na ncha ya kuzikwa ardhini ikaunguzwa motoni kwanza mpaka iwe nyeusi. Fito zilifungwa kwa kamba za magome ya miyombo. Baadaye mashamba ya mkonge yalipoenea Kimamba na Rudewa, katani ikawa karibu kuliko gome.

Kisha udongo. Wa kichuguu ulipendwa kwa sababu unanata na ukikauka huwa mgumu. Maji yalimwagwa, watu wakaukanyaga kwa miguu mpaka mabonge yaishe, ukabebwa mikononi na kubandikwa katikati ya fito, mmoja akiwa ndani na mwingine nje, viganja vikikutana ukutani. Ukuta ulipokauka ulipasuka nyufa, na hilo lilijulikana tangu mwanzo. Nyufa zilizibwa kwa kusiriba, udongo laini zaidi, kazi ambayo ilirudiwa mwaka hadi mwaka baada ya mvua.

Katikati ya nyumba paliwekwa mafiga. Moshi ulipanda, ukapita kwenye dari yalipotundikwa mahindi ya mbegu, ukatafuta njia kwenye nyasi. Baada ya miaka michache makombamoyo yalikuwa meusi yanayong'aa kwa masizi. Moshi huo ulifukuza mchwa na bungua, ukaikausha nyasi kila siku, ukalinda mbegu zisiliwe. Mama aliyepika uji alfajiri alikuwa akilitunza paa bila kuambiwa kwamba anafanya uhifadhi. Nyumba ikihamwa, moto unazimika, na paa huanza kuoza msimu uleule. Kwenye makumbusho ambako moto umekatazwa kwa usalama wa wageni, bungua huwa na sherehe.

Kwa sababu hiyo kuhifadhi nyumba ya namna hii ni kuhifadhi mambo matatu kwa pamoja: mahali, mkono unaojua kuirekebisha, na mtu wa kuwasha moto. Kikikosekana kimoja, kilichobaki ni mfano wa nyumba.

Waganda wamelipa ada ya somo hilo. Makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi, jengo kubwa la nyasi lililoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, yaliteketea usiku wa 16 Machi 2010. Kulijenga tena kulichukua zaidi ya miaka kumi. Fedha zilihitajika, lakini fedha peke yake zisingeezeka lile paa. Uezekaji wa Kasubi ni kazi ya ukoo wa Ngeye, na ilibidi wazee wenye ujuzi wawepo, vijana wafundishwe, nyasi ya aina yake ipatikane na miiko ya kazi ifuatwe. Mwaka 2023 Unesco iliitoa Kasubi kwenye orodha ya maeneo yaliyo hatarini. Kama ufundi ule ungekuwa umekufa kabla ya moto, Kampala ingekuwa na jengo jipya la zege lenye umbo la kaburi la kifalme.

Kilosa haijachomwa moto, ila imepungukiwa taratibu. Miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji, familia nyingi ziliacha makazi yao ya zamani kwenye mabonde na miinuko na kusogezwa penye barabara na shule. Nyumba walizoacha zilirudi ardhini, na leo mahame yake hutambulika kwa miembe na mafiga yaliyolala kwenye majani. Waliojenga upya walitamani bati, tena kwa haki, maana bati halihitaji kurudiwa kila baada ya masika machache. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 Mkondoa ulivunja kingo zake, maelfu ya watu wa mjini na vijiji vya jirani wakalala kwenye mahema, na reli kati ya Kilosa na Gulwe ikasombwa. Nyumba ya udongo ikisimama kwenye maji siku mbili haina wa kuitetea.

Sheria nayo haikuitengenezea nafasi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyosimama kabla ya utawala wa Wajerumani, na inalinda hata milango iliyochongwa kabla ya 1940. Ni sheria nzuri kwa Kilwa na Bagamoyo, kwenye matumbawe na chokaa. Nyumba ya fito na udongo haifikishi umri huo, kwa sababu haikukusudiwa kufikisha. Huishi kwa kufanyiwa ukarabati, mti huu mwaka huu, mti ule mwaka kesho, mpaka baada ya miaka 60 huenda hakuna hata nguzo moja ya mwanzo iliyobaki, na bado wenyewe huiita nyumba ya babu. Mwanasheria atauliza ilijengwa lini. Mwenye nyumba atashangaa na swali. Waziri anayehusika anayo mamlaka ya kutangaza jengo lolote lenye thamani ya kihistoria kuwa la kulindwa, hivyo mlango haujafungwa, lakini lazima mtu wa Kilosa aende akaugonge.

Sasa swali gumu. Familia ipi?

Katika mji mdogo wa Marekani jibu huwa rahisi, au hufanywa rahisi. Kilosa si hivyo. Suala la nani alitangulia kwenye ardhi limewahi kumwaga damu wilayani humo. Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, zaidi ya watu 30 waliuawa katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Kibao cha makumbusho kinachotangaza kwamba ukoo fulani ndio wa kwanza hakitasomwa kama historia tu. Kitasomwa na watu wenye mashamba, wenye mifugo na wenye kesi kwenye baraza la ardhi. Kwa hiyo neno la kwanza likae mbali na kibao. Nyumba ielezwe kwa mambo yanayothibitika: nani waliishi humo, kwa miaka ipi, walilima nini, waliijengaje.

Hata neno familia linahitaji uangalifu. Wasagara, Wavidunda na Wakaguru hufuata ukoo wa mama. Mwanamume aliweza kuijenga nyumba kwa mikono yake na ardhi iliyo chini yake ikawa ya ukoo wa mkewe, na mrithi wake akawa mtoto wa dada. Makumbusho yakiandika "Nyumba ya Mzee Fulani" kwa mazoea ya mjini yatakuwa yamefuta nusu ya habari kabla mgeni hajaingia ndani. Mtaalamu wa elimu ya jamii Thomas Beidelman, aliyeanza utafiti wake Ukaguru mwaka 1957, aliandika kwa urefu juu ya maisha ya huko, nyumba zikiwemo. Maandishi kama hayo yarudishwe Kilosa yasomwe mbele ya wazee, wayakubali au wayakosoe, kabla hayajabandikwa ukutani.

Na wako waanzilishi wa aina nyingine. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Richard Hindorf, na kwa miongo mingi mashamba ya Kilosa yalivuta watu kutoka Kigoma, Njombe, Mbeya, Msumbiji, Rwanda na Burundi. Waliitwa manamba, kwa namba walizopewa badala ya majina. Walikaa kwenye kambi, chumba kwa chumba kwenye jengo moja refu, wakikata majani kwa hesabu ya vipande. Mkataba ulipoisha wengine walirudi kwao. Wengine walibaki, wakaoa, wakapewa shamba, na wajukuu wao leo ndio wenyeviti wa vitongoji. Chumba kimoja cha kambi ya mkonge, kikiwa na kitanda chake cha kamba na alama za moshi ukutani, kina haki ya kuhifadhiwa kama tembe lilivyo na haki. Kama fedha zinatosha jengo moja tu, tembe lianze, kwa sababu chumba cha matofali cha kambi kinaweza kusubiri miaka mitano na tembe haliwezi. Lakini kisisahauliwe.

Wapo watakaouliza kwa nini serikali ya wilaya itunze alama ya umaskini wakati zahanati hazina dawa za kutosha. Swali ni la haki na halijibiwi kwa kubeza. Gharama ya kutunza nyumba moja ya udongo, ukiondoa semina na posho zake, ni ndogo: miti, nyasi, siku kadhaa za mafundi kila mwaka, na mshahara mdogo wa mtu anayeishi humo au jirani. Haitajenga zahanati hata ikiachwa. Kuhusu umaskini, nyumba ile ilihitaji ujuzi wa miti, udongo, mvua na mwelekeo wa upepo ambao mhitimu wa chuo cha ufundi angeusomea miaka. Hakuna anayependekeza kwamba mtu arudi kulala chini ya paa la nyasi. Mwenye bati akae kwenye bati lake kwa amani.

Majirani wa Kilosa, watu wa Iringa, wameshaonyesha njia. Jengo la Wajerumani lililojengwa karibu mwaka 1900 liligeuzwa makumbusho ya mkoa na kufunguliwa mwaka 2016 kwa jina la Iringa Boma, kupitia mradi wa Fahari Yetu uliosimamiwa na Chuo Kikuu cha Iringa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya. Ndani yake wageni hukuta maisha ya Wahehe na majirani zao pamoja na hadithi ya ukoloni, na hapo hapo pana bidhaa za mafundi wa mkoa. Si mradi usio na dosari, maana unategemea wageni na wafadhili, lakini umethibitisha kwamba mji wa bara unaweza kuwa na makumbusho yake bila kungoja Dar es Salaam.

Kilosa ina bahati ambayo Iringa haina. Hifadhi ya Mikumi, yenye kilomita za mraba 3,230 na iliyoanzishwa mwaka 1964, iko mlangoni mwake. Barabara kuu ya kwenda Iringa inaikata hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na abiria wa basi humuona twiga bila kulipa. Wageni wa mwisho wa wiki hutoka Dar es Salaam, hulala usiku mmoja, huona simba ikiwa siku ni njema, hurudi. Wanaondoka wakijua kwamba Mikumi ina mikumi, ile mivumo mirefu iliyoupa mji jina, na tembo. Kwamba shina la mti huo limekuwa boriti na mzinga, kwamba juu ya milima ile inayoonekana kusini wanaishi Wavidunda, hakuna anayewaambia. Treni mpya ya umeme nayo, tangu safari za Dar es Salaam hadi Dodoma zilipoanza mwaka 2024, inapita Kilosa ikiingia na kutoka kwenye mahandaki, moja likiwa na urefu wa zaidi ya kilomita 1, na abiria wengi wa dirishani wanaikumbuka wilaya kwa giza.

Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, lina utaratibu wa ujirani mwema ambao umejenga madarasa, zahanati na visima kwenye vijiji vinavyopakana na hifadhi. Nyumba ya kale inayotunzwa na kijiji inaingia kwenye utaratibu huo bila kulazimishwa, kwa sababu ingeingizia kijiji chenyewe kiingilio na kuwapa wageni wa Mikumi sababu ya kulala usiku wa pili. Halmashauri inaweza kutunga sheria ndogo ya kuilinda wakati maombi ya kutangazwa yakisubiri wizarani. Chuo Kikuu Ardhi kina walimu na wanafunzi wa usanifu wanaoweza kupima kila nguzo na kuchora kila fundo kabla ya ukarabati wa kwanza, ili ikitokea moto au mafuriko pawe na pa kuanzia. Hayo yote yanafanyika bila jengo jipya hata moja, na bila jiwe la msingi la kufunguliwa na kiongozi, jambo ambalo huenda ndilo kikwazo chake kikubwa.

Iko hatari moja zaidi inayopaswa kutajwa mapema. Miradi ya urithi ina tabia ya kumlipa mshauri mwelekezi kwanza na fundi mwisho, kama kilichobaki kinatosha. Kilosa ifanye kinyume. Wa kwanza kulipwa awe mzee anayejua kufunga fito kwa gome la miyombo, na alipwe kwa siku, pamoja na vijana wawili wanaojifunza kwake, na kazi yao ipigwe picha na kurekodiwa kwa lugha wanayoitumia wakiwa kazini, Kisagara au Kividunda, ndipo Kiswahili kifuate. Wazee hao hawako wengi, na hakuna orodha yao ofisini kwa ofisa utamaduni mpaka mtu atumwe kijiji kwa kijiji kuiandika.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai. Nyasi za kuezekea hukomaa mvua za masika zikishakata, na lazima zivunwe kabla moto wa mbugani haujapita. Fungu likipitishwa kwenye vikao vya bajeti vya mwanzo wa mwaka, mafundi wanaweza kuwa kazini kiangazi hicho hicho. Likisukumwa mwaka mwingine, nyumba itakayochaguliwa italazimika kupita masika mengine ikiwa na paa la sasa, na kwa tembe lililoachwa bila moto ndani, masika hayo peke yake yanatosha.